Mtumishi wa Afya Anapoazimwa Wodi Nyingine: Nini Hasa Huhama Wakati wa Janga

Jioni moja ya Julai 2021, nikiwa msimamizi wa wauguzi katika hospitali moja mkoani Tanga, nilifuta jina la muuguzi wa kliniki ya baba, mama na mtoto kwenye rosta, kisha nikaliandika upya mistari sita chini yake, kwenye safu ya wodi tuliyokuwa tumeitenga kwa wagonjwa wa kupumua kwa shida. Kazi yote haikuchukua hata dakika moja. Nilimpigia simu akiwa ndani ya bajaji, anarudi nyumbani, nikamwambia kesho asiende kliniki, aripoti wodini saa moja na nusu asubuhi. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sista, mimi kule nitafanya nini?" Nikamjibu kwamba atapewa maelekezo akifika. Nilijua wakati nasema maneno hayo kwamba hapakuwa na mtu yeyote aliyepangwa kumpa maelekezo.

Hospitalini tunasema mtu kama huyo "ameazimwa". Katika nyaraka huitwa kuhamishwa kwa muda, au kupangiwa majukumu ya dharura, lakini mimi naona neno la wauguzi limebeba ukweli mwingi zaidi, kwa sababu mtu akiazima kitu kuna maswali ambayo hayaepukiki: aliyeazima anajua kukitumia? Mwenye nacho amebaki na nini? Kitarudi lini, na kitarudi kikiwa kizima? Maswali hayo yaliulizwa mara chache sana wakati wa UVIKO-19, si Tanga tu bali karibu kila mahali duniani, na ndiyo maana habari za watumishi waliohamishwa husimuliwa ama kama hadithi za ushujaa ama kama malalamiko, ilhali jambo lenyewe ni gumu kuliko yote mawili.

Ugumu wa kwanza ni kwamba tunalipa jina moja mambo yasiyofanana. Mwanzoni mwa 2020 China ilipeleka watumishi wa afya wapatao 42,600 katika Jimbo la Hubei kutoka sehemu nyingine za nchi. Walisafiri mbali, wakaacha familia, wakafikia mji wasioujua. Hata hivyo walikwenda kwa vikosi, 346 kwa jumla, na miongoni mwao walikuwamo wengi ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa hiyohiyo ya magonjwa ya mapafu na wagonjwa mahututi. Mtu wa namna hiyo amehama mji bila kuhama kazi. Muuguzi wangu hakuvuka hata geti la hospitali, alivuka uwanja mdogo wenye mwarobaini na benchi la kusubiria, lakini safari yake ilikuwa ndefu kuliko ya wale wa Hubei, kwani upande wa pili wa uwanja ule hakuna alichokuwa akikijua kwa mikono yake. Umbali wa kuazimwa haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa kiasi cha ujuzi ambao mtu analazimika kuuacha mlangoni.

Uingereza ndiko jambo hili lilikoandikwa kwa hesabu zilizo wazi zaidi. Tarehe 17 Machi 2020, uongozi wa huduma ya afya ya England uliziandikia hospitali barua ya kuzitaka ziahirishe upasuaji wote usio wa haraka, kuanzia tarehe 15 Aprili au kabla yake, kwa muda wa angalau miezi mitatu, ili vitanda viachwe wazi. Vyumba vya upasuaji vilipokosa kazi, wauguzi wake, wataalamu wa usingizi, wa mazoezi ya viungo na wengineo walipelekwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Kwa kawaida mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia huwa na muuguzi wake mmoja aliyesomea kazi hiyo. Mwongozo wa dharura uliruhusu muuguzi mmoja wa aina hiyo kuwa na wagonjwa hadi sita, akisaidiwa na wauguzi wa fani nyingine na wahudumu.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa polepole. Mtu akiisoma haraka anaweza kudhani kwamba kazi ya muuguzi yule imezidishwa mara sita. Haikuzidishwa, imegeuka kuwa kazi nyingine. Jana alikuwa akimhudumia mgonjwa mmoja kwa mikono yake mwenyewe, anaijua sauti ya mashine yake na rangi ya mkojo wake. Leo anawasimamia watu ambao hawajawahi kuigusa mashine hiyo, anajibu maswali yao kila baada ya dakika chache, na akitokea wa kukosea, kosa linamwangukia yeye. Mgonjwa akihitaji kulazwa kifudifudi ili mapafu yafunguke, kazi inayohitaji watu watano au zaidi kumgeuza kwa pamoja bila kung'oa mrija wa pumzi, yeye ndiye wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Kwa hiyo aliyebaki wodini kwake naye amehamishwa, ingawa rosta haikuligusa jina lake, na kwa maoni yangu huyu ndiye aliyesahauliwa zaidi katika mazungumzo yote haya.

Ugumu wa pili ni hofu. Watu wa nje walipotuona na barakoa na gauni walifikiri hofu yetu ni moja, ya kuambukizwa. Hofu hiyo ilikuwepo na ilikuwa ya haki: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 watumishi wa afya wapatao 115,500 huenda walikufa kwa UVIKO-19 duniani. Wengi wetu tulikuwa tukivua nguo za kazi uani, tunaoga kwa ndoo nje kabla ya kuingia ndani, na watoto wanazuiwa wasitukimbilie. Lakini ukikaa na waliohamishwa wakazungumza kwa kituo, hofu nyingine hujitokeza, nayo mara nyingi ina uzito uleule: hofu ya kumdhuru mgonjwa kwa kutojua.

Nieleze kwa mtungi wa oksijeni. Mtungi mkubwa wa hospitali hubeba takribani lita 6,800. Mgonjwa akipewa lita 10 kwa dakika, mtungi huo utadumu dakika 680, yaani saa kumi na moja na dakika ishirini. Akiongezewa hadi lita 15 haufiki hata saa nane. Anayeijua wodi hafanyi hesabu hiyo kwa kalamu. Anapopokea zamu hutupa jicho kwenye geji, anajua kwamba sindano ikikaribia wekundu mtungi wa pili uwe umesimama pembeni na spana iko mfukoni mwake, si mfukoni mwa mwingine. Muuguzi wangu alikuwa na miaka tisa kliniki. Alikuwa anaweza kumpokea mtoto kwa mama, kumning'iniza kwenye mzani na kubashiri kilo zake kabla mshale haujatulia, na akiitazama kadi aliona mkunjo wa uzito ulipoanza kulala na kumuuliza mama, bila kumwaibisha, nini kilitokea nyumbani mwezi ule. Hakuwahi kubadilisha mtungi.

Usiku wake wa pili wodini, mnamo saa tisa, mtungi wa mzee mmoja uliisha. Spana ilikuwa kwa mhudumu, naye mhudumu alikuwa amekwenda kumwita daktari kwa mgonjwa mwingine. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kilikuwa kinasoma asilimia 91, kikashuka hadi 80 na ushee, huku yeye akiizungusha nati kwa vidole ndani ya glovu zilizolowa jasho. Kilichomwokoa mzee yule ni ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, fundi wa kuchomelea, aliyezoea mitungi ya gesi na aliyeingia wodini kinyume cha utaratibu. Asubuhi, kwenye makabidhiano, muuguzi aliripoti kila kitu kama kilivyokuwa. Hakulalamika kwamba angeweza kuambukizwa. Alisema tu, "Sikujua kama inafunguka kwa kulia au kushoto." Kosa hilo lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika jina lake pale.

Hapo ndipo lilipo fundo lenyewe. Kuhamishwa ghafla kunamgeuza mjuzi kuwa mwanagenzi kwa usiku mmoja, lakini sare yake, cheo chake na leseni yake vinabaki vilevile. Mwanafunzi wa uuguzi asipojua kitu anauliza, na kila mtu anategemea aulize. Muuguzi wa miaka tisa akiuliza swali la mwanafunzi, wengine humtazama kwa mshangao, na mgonjwa anayemsikia huingiwa na wasiwasi. Basi hujifunza kunyamaza, na ukimya huo una hatari kuliko kutojua kwenyewe. Waliotafiti hali za watumishi hawakushangaa walichokikuta. Katika vyumba tisa vya wagonjwa mahututi nchini England, katikati ya 2020, watumishi 709 walijibu dodoso, na asilimia 45 kati yao walivuka kiwango kinachoashiria tatizo kubwa la afya ya akili, asilimia 40 wakiwa na dalili za msongo unaofuata tukio la kutisha. Dodoso si uchunguzi wa daktari, na waliojibu si wote walikuwa wa kuazimwa, lakini hakuna msimamizi wa zamu anayeweza kuisoma namba hiyo akaona haimhusu.

Afrika Mashariki tulikuwa na fundisho la karibu kabla ya hapo. Oktoba 2000, Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa Kampala akisoma shahada ya uzamili ya afya ya umma. Aliitwa arudi katika Hospitali ya Lacor aliyokuwa akiiongoza. Alirudi, akaitambua hali kabla maabara haijathibitisha, akapanga wodi ya kutenga wagonjwa na kuwaomba wauguzi wajitolee kuingia humo badala ya kuwapangia tu. Wauguzi walianza kufa mmoja baada ya mwingine, na ilifika siku waliosalia wakagoma. Yeye alikaa nao akawasikiliza na kuwaambia kwamba mwenyewe haondoki. Alikufa kwa Ebola tarehe 5 Desemba 2000. Wengi humtaja kwa ushujaa, nami nakubali, lakini kama msimamizi kinachonigusa zaidi ni kwamba aliomba kwanza, kisha yeye mwenyewe akaingia katika wodi aliyowaomba wengine waingie.

Sasa tuangalie upande ulikotoka mtumishi, maana nguo ya kuazima, wanasema wahenga, haisitiri makalio. Na hapa aliyebaki uchi alikuwa yule aliyeazimisha. Kule England, wauguzi wanaotembelea nyumba zenye watoto wachanga walikuwa miongoni mwa walioondolewa kwa wingi, katika baadhi ya maeneo nusu yao au zaidi, kwa hoja kwamba kazi yao inaweza kusubiri. Mtoto mchanga hasubiri, na lilipofika wimbi la pili la ugonjwa mwishoni mwa 2020, wakuu wa uuguzi wa nchi hiyo walielekeza kwamba wauguzi hao wasiondolewe tena. Duniani kote watoto wapatao milioni 23 walikosa chanjo za msingi mwaka 2020, na vifo vya kifua kikuu viliongezeka mwaka huohuo kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo woga wa watu kwenda hospitali na kukwama kwa usafiri, lakini mojawapo ni hii ya kalamu yangu: mtu wa dirisha lile alikuwa dirisha jingine.

Kwetu dhihaka ilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 nchini, dozi zaidi ya milioni moja za Janssen, zinazotunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 kama zilivyo chanjo nyingi za watoto. Mikoa ikahitaji mara moja watu wanaoujua mnyororo baridi wa kutunza chanjo, wanaojua kusoma kipimajoto cha jokofu asubuhi na jioni, kuchoma sindano mia kwa siku na kujaza rejesta bila kufuta. Mtu wetu wa namna hiyo, hodari kuliko wote, alikuwa wodini anajifunza mitungi. Tulimwazima kutoka mahali ambapo wiki chache baadaye palikuwa ndipo mstari wa mbele wenyewe.

Ilikuwa vigumu kuona mbele, hilo lazima lisemwe. Mgonjwa wa kwanza nchini, aliyekuwa Arusha, alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikaacha kutangazwa zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na mwezi uliofuata tukaambiwa ugonjwa umekwisha. Mwanzoni mwa 2021, wodi zilipojaa tena, neno lililotumika lilikuwa "changamoto ya upumuaji". Kwa mtu anayepanga zamu, lugha hiyo ilikuwa na matokeo ya vitendo kabisa: huwezi kuitisha mafunzo ya wodi ya ugonjwa usiotajwa, wala kuandika barua rasmi ya kumhamishia mtu huko, wala kudai posho ya mazingira hatarishi kwa hatari ambayo karatasi haiitambui. Wengi waliazimwa kwa simu, kama nilivyofanya mimi, na hawana hata kipande cha karatasi kinachoonyesha kwamba waliwahi kuwa huko.

Mkoa wetu ulikuwa na aina nyingine ya kuazimwa, isiyozungumzwa kwa sababu haina mashine wala mirija. Horohoro, mpakani na Kenya, maofisa afya na wauguzi walisimama kuwapima joto madereva wa malori na wasafiri, hasa katika Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka kwa abiria na malori ya mizigo yakapanga foleni. Kazi ya kumwelekezea mtu kipimajoto kwenye paji la uso inaonekana nyepesi. Lakini aliyezoea wagonjwa wanaomshukuru alijikuta akiwazuia watu wazima wenye hasira, jua kali likiwachoma wote wawili, na hakuna aliyemfundisha namna ya kumwambia dereva aliyelala siku tatu barabarani kwamba haruhusiwi kupita.

Baadaye fedha zilikuja. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3 hivi kwa fedha zetu, ulijenga madarasa nchi nzima, na kwa upande wa afya vyumba vya wagonjwa mahututi, majengo ya dharura na mitambo ya oksijeni. Nilifurahi kuona mabomba ya oksijeni ukutani mahali ambapo zamani palikuwa na spana. Hata hivyo kila chumba kipya kinahitaji wauguzi kwa saa ishirini na nne, na chumba hakiji na wauguzi wake. Hutolewa wodi nyingine, na hadithi inaanza upya, safari hii bila janga.

Kutokana na niliyoyaona na niliyoyasoma, naamini tofauti kati ya aliyerudi mzima na aliyerudi amevunjika haikuwa ugumu wa wodi. Nimewaona waliopelekwa sehemu mbaya kabisa wakarudi na ujuzi wanaojivunia, na waliokaa wiki mbili mahali pa utulivu wakaomba kuacha kazi. Waliorudi wazima kwa kawaida walipewa siku moja au mbili za kufuatana na mwenyeji, mtu mmoja anayejulikana kwa jina ambaye wanaruhusiwa kumuuliza chochote bila kuchekwa; walikwenda wawili wawili na wenzao wa wodi ya zamani; na waliambiwa tarehe. Hilo la tarehe wakubwa hulidharau. Mtu anaweza kuvumilia mambo mengi hadi tarehe 30, lakini "hadi hapo itakapotangazwa" haina mwisho wa kuvumilia. Malipo nayo yana nafasi yake, ingawa nilichosikia mara nyingi si hasira ya kupewa kidogo bali ya kuona posho imefika kwa wenye majina kwenye orodha ya kwanza, huku walioazimwa baadaye wakiwa hawamo.

Muuguzi wangu alirudi kliniki Novemba. Hakuna aliyemkaribisha rasmi; niliandika tu jina lake mistari sita juu. Alikuta rejesta imejazwa kwa mwandiko wa mtu mwingine, na baadhi ya akina mama aliowajua hawakuwa wamerudi, hivyo akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja kwa salio lake mwenyewe. Aliniambia kwamba kwa muda mrefu akisikia mlio wowote, hata wa jokofu la chanjo, mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta spana.

Machi 2023 zilipokuja habari za Marburg kutoka Kagera, ugonjwa uliowapata watu tisa na kuwaua sita, mtumishi wa afya akiwa miongoni mwa waliokufa, tulianza nasi kuandaa orodha ya watakaoingia chumba cha kutenga iwapo utafika Tanga. Kabla sijamwita, alikuja ofisini, akanisalimu, akakaa. Alisema yuko tayari kuandikwa, lakini kwanza anataka kujua nani atakaa kliniki, nani atamfundisha kuvaa na kuvua zile nguo, na atarudi tarehe ngapi. Nilichukua kalamu. Majina mawili na tarehe nilizipata baada ya simu nne na karibu saa nzima ya kubishana na wenzangu, naye muda wote huo alikaa palepale akisubiri. Nilipomaliza ndipo nikaandika la kwake.